Dondoo muhimu: Kuharakisha RAM kubwa bila kupoteza kazi

Koltani ni madini yanayochimbwa Rubaya, wilayani Masisi, nchini Kongo. Ndani yake mna tantali, chuma cha kutengenezea kapasita, vidude vinavyotuliza umeme ndani ya kompyuta. Anayeongeza kasi ya RAM anautegemea umeme huo uliotulia.

Kosa la kwanza ni kujaza nafasi zote nne za vijiti vya RAM. Kwa prosesa za Ryzen 7000, AMD inaidhinisha DDR5 ya 5200 kwa vijiti viwili, lakini 3600 tu kwa vinne. Anayetaka GB 96 anunue viwili vya GB 48, tena vya pakiti moja. Vya kuokoteza huku na huku mara nyingi havipatani.

Kisha aingie BIOS, awashe XMP au EXPO, mipangilio ya kasi iliyowekwa na mtengenezaji wa RAM. Kompyuta ikikataa kuwaka, ashushe kasi hatua moja, kwa mfano kutoka 6000 hadi 5600. Volti zisiongezwe kiholela: DDR5 ya kawaida hutumia 1.1, na nyingi za kasi hufika 1.35.

Jaribio lisirukwe. Programu ya MemTest86, inayokagua RAM, iachwe ifanye kazi usiku kucha, kwani RAM kubwa huchukua saa nyingi kukaguliwa. Kosa moja tu latosha kuharibu faili kimyakimya, hata kama Windows inafunguka vizuri.

Umeme ukikatika ovyo, UPS, yaani betri ya akiba, inunuliwe kabla ya kuongeza kasi yoyote.