Umepata Kazi Nyingine? Usipotee, Aga kwa Maandishi

Unauza dukani Mtaa wa Kongo. Jumatano jioni simu inaita: kazi mpya ipo, unahitajika Jumatatu baada ya wiki ijayo. Wengi Kariakoo huzima simu na kupotea. Anayepotea huacha malipo yake nyuma, na mzigo ukipungua stoo, jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Kuondoka mapema kunawezekana. Fuata utaratibu huu.

1. Jua unadaiwa siku ngapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inataka notisi ya siku 7 ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Baada ya hapo, anayelipwa kwa siku au wiki hutoa siku 4, wa mwezi siku 28. Mkataba unaweza kuziongeza, si kuzipunguza. Kukosa karatasi hakukutoi humo: ajira ya mdomo nayo ni ajira. Mwenye mkataba wa muda maalumu awe mwangalifu zaidi. Kama tajiri hajauvunja, inabidi akubali ndipo uondoke.

2. Piga hesabu. Usipofanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yako ya mwisho kile ambacho ungelipwa siku hizo. Mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi ni kama 90,000 kwa wiki. Ukifanya wiki mbili tu kati ya nne, jiandae kukosa 180,000. Usitegemee kuziba pengo kwa likizo, maana notisi na likizo haviendi pamoja kisheria.

3. Zungumza kwanza. Msubiri tajiri afunge hesabu za jioni, wateja wa jumla wameshaondoka. "Bosi, nimepata kazi sehemu nyingine. Naomba niishie Jumamosi ya wiki ijayo. Dogo nitamwelekeza bei zote, na stoo nitakukabidhi mwenyewe." Akiona duka halitayumba, huenda akakusamehe siku zilizobaki bila kukata kitu.

4. Andika barua. Taja tarehe ya leo, sababu kwa sentensi moja, siku yako ya mwisho, na mlichokubaliana kuhusu notisi. Toa nakala mbili; yako isainiwe kuwa imepokelewa. Akikataa kusaini, ipige picha umtumie kwa WhatsApp.

5. Kabidhi stoo. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Hesabuni boksi kwa boksi, fungueni yaliyokatwa gundi, kisha daftari la madeni ya wateja wa mikoani, funguo, mashine ya risiti na simu yenye lipa namba. Andikeni yote, msaini wote wawili. Hasara ikidaiwa baadaye, hawezi kukukata kiholela: sheria inataka upewe nafasi ya kujieleza.

6. Dai chako. Una haki ya mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyolimbikiza, na cheti cha utumishi. Akikuzungusha, peleka dai la malipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60, ukiwa na nakala ya barua na karatasi ya makabidhiano.