Bia nyeusi haiongezi damu

Kuna imani iliyoenea kwamba bia nyeusi ni dawa. Utasikia ikisemwa kuwa huongeza damu, humpa mama maziwa mengi na kumrudishia nguvu aliyetoka kuugua. Je, imani hiyo ina ukweli wowote?

Hivi majuzi rafiki yangu alirejea kutoka ng'ambo na chupa tatu za bia nyeusi ya aina inayotengenezwa mara moja tu kwa mwaka, na kukomazwa katika mapipa yaliyowahi kutiwa wiski. Alizinunua kwa bei ghali mno. Tulipozionja tulivunjika moyo. Harufu ilikuwa ya karatasi iliyolowa, ladha ilikuwa chachu, na mwishowe ulimi ulibaki na uchungu wa jivu. Hata hivyo tuliendelea kunywa, kwa kuwa ni vigumu kumwaga kitu cha bei hiyo.

Ilipobaki nusu glasi, mmoja wetu alimgeukia mke wa mwenyeji, ambaye alikuwa na mimba ya miezi sita. "Shemeji, maliza hii," akamwambia. "Si tamu, lakini huongeza damu." Kwa bahati nzuri, shemeji alikataa.

Weusi hutoka wapi?

Weusi wa bia hutokana na shayiri iliyokaangwa, kama vile buni inavyokaangwa hadi ikawa nyeusi. Ikiungua kupita kiasi, bia huwa na ladha ya jivu. Harufu ya karatasi hutokea bia inapoingiwa na hewa au kukaa mahali penye joto kwa muda mrefu. Uchachu usiokusudiwa mara nyingi huletwa na bakteria. Rangi haina uhusiano wowote na damu, wala haionyeshi ukali wa kileo.

Soma kibandiko

Ukali huonyeshwa na asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Bia ya kawaida ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo. Chupa zetu zilikuwa za kiasi hicho hicho, lakini zenye asilimia 11, yaani gramu 43 hivi. Aliyekunywa moja alikuwa amekunywa zaidi ya bia mbili bila kujua. Ini huhitaji saa nne au zaidi kuondoa kiasi hicho mwilini, na kahawa au maji baridi hayaharakishi kazi hiyo. Mtu kama huyo asishike usukani.

Na damu je?

Imani hii ni ya zamani. Mwaka 1929 matangazo ya bia ya Guinness nchini Uingereza yaliwaambia watu kwamba ina manufaa kwao. Lakini painti nzima ya bia nyeusi ya kawaida ina takriban miligramu 0.3 tu za madini ya chuma, ambayo ndiyo hujenga damu. Mja mzito huhitaji miligramu 27 hivi kwa siku. Angelazimika kunywa painti 90!

Hasara yake ni kubwa. Kileo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na chaweza kudhuru ubongo wake. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mja mzito. Kwa mama anayenyonyesha, kileo huingia katika maziwa na huweza kuyapunguza.

Ufanye nini?

1. Ukihisi uchovu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, nenda zahanati upimwe damu. Usijitibu kwa chupa.

2. Kula maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu na terere. Ongeza chungwa, kwani husaidia mwili kufyonza chuma. Usinywe chai pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Mja mzito aepuke kula maini mara kwa mara.

3. Mja mzito ameze tembe za chuma anazopewa kliniki, na asiguse pombe.

4. Bia ikiwa na ladha mbaya, imwage, hata kama ni ya bei ghali.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Basi anayekunywa ajue anakunywa pombe, wala asiiite dawa.