VISENTI VYA WATU WENGI

Nani alipaye gharama ya kazi ya mtaalamu wa sayansi? Tulipoulizwa darasani, wengi tulijibu: Serikali, au matajiri. Mimi pia nilijibu hivyo. Baadaye nikasoma habari za polio, ugonjwa uwapoozeshao watoto, nikaona jibu letu lilikuwa pungufu.

Mwaka 1938 Rais Roosevelt wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa amepooza miguu, alianzisha shirika la kupigana na ugonjwa huo. Mchekeshaji Eddie Cantor akawaomba watu kwa redio wampelekee Rais sarafu za senti kumi, yaani sehemu ya kumi ya dola. Zikafika sarafu 2,680,000. Haya, piga hesabu: ni dola 268,000, wala hakuna aliyefilisika! Sisi Warundi twaijua njia hiyo kwa jina la ikibiri: leo wote walima shamba la huyu, kesho la yule. Lakini shamba la mtaalamu halionekani kwa macho, na mavuno yake huchelewa miaka mingi.

Kwa hiyo iliwapasa wenye shirika kuwaeleza watu kazi yao kila mara. Tangu 1950 akina mama walipita nyumba kwa nyumba wakichangisha. Mwaka 1954 watoto wapatao 1,800,000 waliingia katika jaribio la chanjo ya Dk. Jonas Salk, na tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa mbele ya watu wote kwamba chanjo yafaa. Mwezi huohuo ikaonekana kwamba chanjo ya kiwanda kimoja ilikuwa na virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza, na 10 wakafa. Hilo nalo halikufichwa. Kazi ilisimamishwa, ikachunguzwa, kisha ikaendelea.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, si mbali na hapa Kinama, watu zaidi ya 200,000 walitiwa kinywani chanjo nyingine ya polio, ya Dk. Hilary Koprowski. Lilikuwa mojawapo la majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo ya namna hiyo. Wazee wetu hawakuchanga senti. Walichanga vinywa vyao. Nimewauliza wazee watatu wa mtaani: hakuna aliyepata kusikia matokeo yake. Mtoa senti alipewa habari. Mtoa mwili je?

Tusidhani ni mambo ya kale. Machi 2023 Serikali ya Burundi ilitangaza kwamba polio imeonekana tena, baada ya miaka zaidi ya 30, kwa mtoto wa miaka minne wa wilaya ya Isale ambaye hakuchanjwa. Virusi vilionekana hata katika maji machafu.

Kikundi chetu cha sayansi hakiwezi kupima polio. Hiyo ni kazi ya maabara kubwa. Lakini twataka kuchunguza maji ya kunywa ya mtaa huu, nasi hatuna vifaa. Ndugu zetu mliomaliza shule, twaomba faranga 1,000 kwa kila mmoja, si zaidi. Hesabu ya fedha na matokeo ya upimaji tutayabandika penye lango la shule, hata yakituaibisha.