Majedwali ya kila mwezi, ripoti moja

Swali: Natumia PostgreSQL. Kila mwezi mfumo wetu huunda jedwali jipya la mauzo: mauzo_2025_01, mauzo_2025_02, na kuendelea. Nimeyaunganisha kwa mwoneko wa UNION ALL, lakini kila mwezi nalazimika kuuandika upya. Hakuna njia nyingine?

Jibu: Ipo, na ni bora zaidi. Tangu toleo la 10, lililotoka 2017, PostgreSQL inakuruhusu kuwa na jedwali mama lililogawanywa kwa tarehe. Unda jedwali mauzo kwa PARTITION BY RANGE (tarehe), kisha lipachike kila jedwali la mwezi:

ALTER TABLE mauzo ATTACH PARTITION mauzo_2025_03 FOR VALUES FROM ('2025-03-01') TO ('2025-04-01');

Angalia hapo mwisho: kikomo cha juu hakihesabiwi ndani. Ukiandika '2025-03-31', mauzo ya tarehe 31 yatakosa mahali na amri itakataliwa. Majina na aina za safu lazima zilingane na za mama. Mpangilio wake si hoja.

Baada ya hapo ripoti zote husoma mauzo tu, na ukiuliza Machi pekee, miezi mingine haiguswi. Amri ya kupachika iweke kwenye hatua ileile inayounda jedwali, isimtegemee mtu kukumbuka.

Ukilazimika kubaki na mwoneko, shikilia UNION ALL. UNION tupu hufuta safumlalo zinazofanana, na mauzo mawili halali yanaweza kuhesabiwa moja.