Mahali pa Vichezeo vya Mtoto Mdogo: Kuchagua Chombo cha Kuhifadhia, Nyumbani na Darasani

Katika nyumba nyingi za milima ya Uluguru kila kitu cha mtu mzima kina mahali pake. Jembe huegemezwa nyuma ya mlango. Mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya moshi wa jiko. Vyombo vilivyooshwa huanikwa juu ya kichanja uani, na chumvi huwekwa mahali ambapo mama huipata hata gizani. Mtoto wa miaka miwili ndiye peke yake asiye na mahali pa kuweka kitu chake. Mwanasesere wake wa gunzi, gari lake la bua na kifuu chake cha kupikia udongo hulala pale alipoviacha. Asubuhi, ufagio unapopita, vyote huenda jalalani pamoja na maganda ya ndizi.

Mwanachuo aweza kuuliza: jambo hili lamhusuje mwalimu wa shule ya msingi? Lamhusu kwa sababu tatu. Kwanza, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa elimu, na sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu hiyo kuwa wa lazima. Madarasa ya awali yamo ndani ya shule za msingi, na wengi wenu mtapangiwa kuyafundisha. Pili, mtoto haji shuleni mikono mitupu. Huja na mazoea aliyoyapata nyumbani. Tatu, mzazi wa kijijini humwendea mwalimu kumwomba ushauri juu ya malezi, na mwalimu hana budi kuwa na la kumwambia.

Makala hii yakusudia kumsaidia mwanachuo kuchagua, au kumsaidia mzazi kuchagua, chombo cha kuhifadhia vichezeo vya mtoto mdogo. Kanuni yake ni moja: chombo kifaacho ni kile ambacho mtoto mwenyewe aweza kuona kilichomo ndani, kukifikia, na kukirudisha mahali pake bila kumwomba mtu mzima. Mengine yote hufuata baada ya hapo.

1. Kuhifadhi ni sehemu ya kujifunza

Watu wengi hudhani kwamba mtoto hujifunza wakati wa kucheza tu, na kwamba kukusanya vitu baada ya mchezo ni kazi ya mama au dada. Dhana hiyo si sahihi. Mtoto anayerudisha magunzi katika kikapu kimoja na vifuu katika kingine anatenganisha vitu kwa namna vilivyo. Huko ndiko kuainisha, na kuainisha ni msingi wa hesabu. Mtoto anayejua kwamba picha ya samaki iliyochorwa kwa mkaa juu ya boksi ina maana ya "samaki wa mbao hukaa humu" ameanza kuelewa kwamba alama husimama badala ya kitu. Huo ni mlango wa kusoma. Tena anajifunza kumaliza kazi aliyoianza, jambo ambalo mwalimu wa darasa la kwanza hulitafuta kwa shida.

Dk. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma mwaka 1907, alieleza kisa kinachofaa kukumbukwa hapa. Vifaa vya watoto vilikuwa vikifungiwa katika kabati, na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja kabati lilisahauliwa bila kufungwa. Mwalimu alipofika aliwakuta watoto wamekwisha kulifungua na kujichukulia vifaa, naye akaona kwamba huo ni wizi. Montessori hakuona hivyo. Yeye aliona kwamba watoto sasa wanavijua vifaa vyao na wanaweza kujichagulia. Tangu hapo aliweka kabati fupi, zilizolingana na kimo cha watoto.

Hatuna haja ya kuiga kabati za Roma. Tunachopaswa kuchukua ni fikra yake: mahali pa kuhifadhia humpa mtoto uhuru, au humnyima.

2. Sifa za chombo kifaacho

(a) Kimo. Mtoto wa miaka miwili ana urefu wa karibu sentimita 85, na yule wa miaka mitano karibu sentimita 110. Rafu iliyo sawa na kifua cha mtu mzima, kwa mtoto wa miaka miwili iko juu ya kichwa. Ataivuta au ataipanda, na yote mawili ni hatari. Basi, ubao wa juu kabisa anaoutumia mtoto mdogo usizidi sentimita 60 kutoka sakafuni.

(b) Kuonekana kwa vilivyomo. Kwa mtoto mdogo, kitu kisichoonekana ni kama hakipo. Sanduku lenye kina kirefu humlazimu kumwaga kila kitu chini ili apate kimoja. Mama huona fujo, kumbe mtoto anatafuta tu. Chombo kipana chenye kina kifupi ni bora kuliko kirefu chembamba.

(c) Uzito na kingo. Mtoto aweze kukiburuta au kukibeba. Kingo zisiwe na misumari, vibanzi vya mianzi wala bati lililokatwa. Dumu la mafuta ya kula lililokatwa katikati ni la bei nafuu, lakini ukingo wake hukata. Lazima ukunjwe kwa moto au ushonewe kitambaa.

(d) Kupitisha hewa. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, kama vile Kinole na Tegetero, hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Huko kitu kilichofungiwa hushika ukungu kwa muda mfupi. Mjini Morogoro na katika tambarare adui ni mchwa na vumbi. Chombo kilichosukwa hupitisha hewa, na kikiinuliwa juu ya mawe mawili au matofali hakifikiwi upesi na mchwa.

(e) Usalama. Sanduku lenye kifuniko kizito ni hatari, kwani kifuniko chaweza kuanguka juu ya shingo au vidole vya mtoto, na mtoto aliyeingia ndani aweza kukosa hewa. Kiondoeni kifuniko. Rafu isimamayo peke yake ifungwe ukutani, maana mtoto ataipanda hata akikatazwa. Mifuko ya plastiki isitumike kabisa. Mtoto akijivika kichwani huzibwa pumzi. Na ndoo ya vichezeo isiwe ile ile ya maji, kwa sababu mtoto aliyezoea kuinamia ndoo kutafuta kichezeo ataiinamia pia ikiwa na maji, na maji machache huweza kumzamisha mtoto mdogo.

3. Vyombo tulivyo navyo

Kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha mwaka 1967 kilituhimiza kutumia mali na nguvu zilizopo mahali tulipo. Katika jambo hili tumebahatika, kwani mafundi wa Uluguru wamesuka na kufuma tangu zamani.

Kikapu cha ukindu ni chepesi, hakina ncha, na mtoto hukibeba kwa mkono mmoja. Kinafaa kwa wanasesere, mipira ya matambara na vipande vya nguo. Ubaya wake ni kwamba hulegea na kujikunja, hivyo chagueni kilichosukwa kwa kubana, chenye kitako kipana.

Ungo hufaa sana kwa vitu ambavyo mtoto anapaswa kuviona vyote kwa mara moja: vifuu, magunzi, vijiti vya kuhesabia. Ungo uliochakaa, usiofaa tena kupepetea, waweza kupewa kazi hii.

Tenga, lile linalobeba mboga na matunda kutoka milimani hadi sokoni, lina nguvu, lakini ni refu na lina vibanzi. Likikatwa nusu na ukingo wake kuzungushiwa kitambaa, hubeba vitu vikubwa kama magari ya miti.

Kichanja kidogo ndicho rafu bora kwa nyumba isiyo na seremala. Nguzo nne fupi, fito na kamba zatosha. Mtoto amekwisha kuona vyombo vya mama vikipangwa juu ya kichanja uani. Akipewa chake kilicho kimo chake, huelewa maana yake bila maelezo marefu.

Maboksi ya karatasi ngumu hupatikana bure madukani mjini. Hayadumu, hasa penye unyevu, lakini ni rahisi kuyachora alama na kuyabadili.

Kuna aina moja ya chombo ambayo mwalimu lazima aikataze bila kusita. Katika maeneo ya kilimo cha mboga, kama Mgeta, wakulima hutumia dawa za kuua wadudu na ukungu. Makopo, chupa na ndoo za dawa hizo huvutia kwa rangi zake, na baadhi ya watu huziosha na kuzitumia tena. Kuosha hakuondoi sumu yote. Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani, na kilicholala ndani ya kopo la dawa huenda kinywani pamoja na dawa. Mwalimu aseme jambo hili katika kila mkutano wa wazazi.

4. Chombo cha chini na chombo cha juu

Si kila kichezeo kinafaa kuwekwa mbele ya mtoto. Kitu chochote chenye upana usiofikia sentimita 4 chaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Vizibo vya chupa, mbegu za kuhesabia, kete na maharage ni mali ya kaka na dada. Hivyo basi, nyumba yenye watoto wa rika mbalimbali yahitaji vyombo viwili: kikapu cha chini, kilicho wazi kwa mdogo, na chombo kinachoning'inizwa juu, mfano wa susu ya jikoni, kwa vitu vya wakubwa.

Chombo cha juu kina kazi nyingine pia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walieleza walivyowapa watoto wadogo 36 nafasi ya kucheza mara moja wakiwa na vichezeo 4 na mara nyingine wakiwa na 16. Walipokuwa na vinne, watoto walikaa na kila kitu muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Kwa hiyo umaskini wa vitu si kilema. Wekeni vitu vinne au vitano chini, vingine viwekwe juu, na baada ya siku kadhaa vibadilishaneni. Kitu kilichopumzika hurudi kikiwa kama kipya.

5. Kutoka nyumbani hadi darasani

Katika shule moja niliyotembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, vifaa vya darasa la awali vilikuwa vizuri na vingi, vimepangwa katika kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa ofisini. Vilitolewa wageni walipokuja. Watoto waliviita "vitu vya ofisi".

Hofu iliyoleta kufuli hilo ni ya kweli: vitu hupotea. Lakini dawa ya kupotea ni kuhesabu. Chukulia darasa lenye watoto 60. Wagawe katika makundi 10, kila kundi na kikapu chake. Kila kikapu kiwe na vitu 6, na picha ya vitu hivyo ibandikwe ubavuni. Mwisho wa kipindi kila kundi hurudisha na kuhesabu kwa sauti. Kilichopungua hujulikana siku ile ile, na watoto wamefanya zoezi la hesabu bila kujua. Usiku vikapu vyaweza kufungiwa stoo. Asubuhi virudi chini, mahali palepale. Gunzi likipotea litapatikana jingine kesho. Mwaka wa awali wa mtoto ukipotea haupatikani tena.

6. Somo la mfano: kila kitu na kwao

Muda: dakika 20. Vifaa: vikapu vitatu, magunzi, vifuu, vijiti.

Hatua ya kwanza: mwalimu aweke kitu kimoja katika kila kikapu na kusema, "Hapa ni kwao gunzi." Watoto warudie.

Hatua ya pili: watoto wacheze kwa uhuru. Mwalimu atazame, asiingilie.

Hatua ya tatu: mwalimu aanze kupiga makofi polepole. Watoto warudishe kila kitu "kwao" kabla makofi hayajakoma. Mwalimu naye arudishe vitu pamoja nao, asisimame akiamuru.

Hatua ya nne: mtoto mmoja akague vikapu. Akikuta kijiti kati ya vifuu, aulizwe tu, "Huyu kwao wapi?" Asicheke mtu.

Kwa mtoto wa miaka miwili nyumbani, hatua ya kwanza na ya tatu zatosha, kwa vitu viwili tu na kikapu kimoja kimoja.

Maswali na mazoezi kwa wanachuo

1. Pima kimo cha mtoto mmoja wa miaka miwili au mitatu wa jirani yako, kwa ruhusa ya mzazi. Ni vitu gani vya nyumbani mwao anavyoweza kuvifikia mwenyewe? Ni vipi vyake, na ni vipi vya hatari?

2. Tengeneza chombo kimoja cha kuhifadhia kwa vitu vipatikanavyo bure. Kipime kwa sifa tano zilizotajwa katika makala hii.

3. Mzazi akuambia: "Mwanangu ni mvivu, kila siku hutupa vitu vyake chini." Kabla ya kumjibu, utamwuliza maswali gani kuhusu mahali pa kuweka vitu hivyo?

4. Andika maneno utakayowaambia wazazi juu ya makopo ya dawa za shamba. Yasizidi sentensi tano, na yawe ya heshima.