Chagua Windo Kwanza, Kifaa Baadaye

Tangu mwaka 1977, uwindaji wa wanyamapori umepigwa marufuku Kenya nzima. Ukikamatwa na mtego wa paa ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, haitakusaidia kumweleza hakimu kwamba babu yako alilea watoto kwa nyama hiyo. Hata Waata wa nyika za Malindi, ambao majirani huwaita Wasanye na waliosifika kwa kumwangusha ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu, wamefungiwa mlango huo. Windo lililobaki halali kwa mkazi wa pwani hii liko majini, nalo lina masharti yake.

Wengi wanaoanza hukimbilia dukani. Wananunua wavu au mshipi, kisha ndipo wanauliza samaki wako wapi. Wanaoishi kwa bahari, kuanzia Ngomeni hadi Takaungu, hufanya kinyume: huamua kwanza wanamtaka nani, wakajua anakula nini, anajificha wapi na anatoka saa ngapi. Kifaa hufuata baadaye. Hapa tutachukua mawindo manne yanayopendwa sana kwetu, kila moja na njia yake.

Soma upepo na maji

Mwaka wa mvuvi una pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na hata chombo kidogo huweza kutoka nje ya mwamba. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi, na katikati yake huwa kali: mawimbi makubwa, maji yenye tope, mvua za masika mwanzoni. Katikati ya pepo hizo kuna maleleji, siku za upepo usio na msimamo. Mwenye mtumbwi au ngalawa na akili timamu hubaki ndani ya mwamba wakati wa kusi.

Baada ya upepo, hesabu mwezi. Mwezi unapoandama na unapotimia, bahari huingia bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Bamvua kubwa hufika siku moja au mbili baada ya hapo, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha tena usiku saa kama hizo. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa nusu, kuelekea tarehe 8 na tarehe 23 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: bahari haiondoki sana, mkondo ni mpole, na miamba mingi haionekani. Kumbuka mgawanyo huu: bamvua ni ya mtu wa miguu, maji mafu ni ya mshipi.

Pweza: miguu, macho na fimbo

Pweza ndiye windo la mtu asiye na chombo. Akina mama na vijana wengi huanzia hapa. Shuka mwambani maji yakiwa bado yanapwa, karibu saa mbili kabla hayajafika mwisho, ufuate maji yanavyoondoka. Yakianza kurudi, nawe geuka. Mwamba una mabonde, na maji hujaa nyuma yako kabla hujayaona mbele yako.

Usimtafute pweza mwenyewe. Hubadilisha rangi akafanana na jiwe alilokalia. Tafuta nyumba yake. Mlangoni utaona vijiwe vimekusanywa, maganda ya kaa na kombe yaliyoliwa karibuni, na mchanga uliosafishwa. Ganda likiwa jeupe na kavu ndani, huenda mwenyeji alishahama. Likiwa na mabaki ya nyama, yumo.

Beba vitu viwili: kijiti chembamba cha kumchokoza na chuma chenye ncha ya kumtoa. Ingiza kijiti taratibu. Pweza hukishika na kukivuta, na hapo utajua mwili umelala upande gani. Akijitokeza, mchome mara moja kati ya macho, kisha mgeuze kichwa ndani nje ili afe upesi. Mkono usiutie shimoni kamwe, kwa kuwa mkunga naye anapenda pweza na hukaa katika mashimo hayohayo.

Usivunje mwamba kumtoa pweza. Ukivunja nyumba leo, mwezi ujao hakuna atakayehamia. Ukimwona jike amejifungia na mayai yaliyoning'inia juu ya shimo mithili ya nyuzi za punje ndogo, mwache: halii tena, anayalinda mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Mdogo naye mwache. Pweza huishi mwaka mmoja na kidogo tu lakini hukua haraka mno, na umri huo mfupi ndio sababu kumwahirisha kwa wiki chache kunalipa.

Tafi: lema na chambo cha majani

Tafi ni samaki wa nyasi za bahari. Hula mwani, huogelea kwa makundi, na nyama yake haina harufu ya tope kama inavyodhaniwa na wageni. Kwa kuwa hali nyama, mshipi wenye kipande cha ngisi hautamvutia sana. Dawa yake ni lema, mtego wa kusukwa wenye mdomo unaoingia ndani kwa kufinyika, ili anayeingia asipate njia ya kutoka.

Tia chambo cha mwani uliopondwa, ukichanganya na kaa au kombe waliosagwa. Tega kwenye malisho ya nyasi karibu na ukingo wa mwamba, mdomo ukielekezwa kule samaki wanakotokea maji yanapojaa. Weka mawe ya kutosha ndani au juu yake, mkondo wa bamvua usije ukalisukuma. Rudi kesho yake. Lema lililosahauliwa chini huendelea kuua bila faida kwa yeyote.

Ukisuka au ukiagiza lema jipya, omba liwe na mwanya mwembamba wa wima pembeni, wa sentimita 3 hivi. Majaribio yaliyofanywa katika pwani ya Kenya yameonyesha kwamba mwanya wa namna hiyo huwapitisha samaki wadogo na wembamba wasio na bei, huku wanaobaki wakiwa wakubwa zaidi na kipato kikiongezeka. Kwa kazi ya kukata vijiti vichache, ni mabadiliko ya bei nafuu kabisa.

Tahadhari moja: miiba ya tafi ina sumu. Mshike kwa kitambaa kizito, au mkamate kutoka kichwani kuelekea mkiani ili miiba ilale. Ukichomwa na tafi, na taa, au na yule samaki wa miiba anayejifanya jiwe, tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali.

Changu: mshipi na subira

Changu ndiye kipimo cha mvuvi wa mshipi. Hukaa karibu na mwamba na kwenye mchanga wa pembeni, hula kaa, kombe na samaki wadogo, na husogea kula zaidi alfajiri, magharibi na usiku. Mtafute siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mpole kiasi cha chubwi kutulia.

Chambo kizuri ni ngisi mbichi, kamba, au kipande cha kibua. Kifiche kichwa cha ndoana, acha ncha ionekane kidogo. Teremsha mshipi mpaka uhisi chubwi imegusa chini, kisha uinue nusu pima. Shika mshipi kwa kidole, usiufunge chomboni. Changu huonja kwanza. Mguso wa kwanza uache. Mvuto wa pili ulio mzito ndio wa kujibu, kwa mkono mmoja mrefu usio na hasira. Ukishamnasa, mwinue haraka kutoka chini, maana atakimbilia mwambani na kukukatia mshipi.

Hapohapo huweza kupanda tewa, tangu au mkundaji. Akipanda bunju, yule anayejijaza upepo, mrudishe. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, na hakuna kachumbari itakayoiokoa sahani hiyo.

Nguru na wenziwe: kurambaza nje ya mwamba

Kaskazi ikitulia, wenye mashua za mashine hutoka kuwafuata nguru, kolekole, jodari na sulisuli. Hawa hawangoji, unawapitia kwa chombo kinachotembea, chambo kikiburuzwa nyuma. Chuchunge mzima aliyeshonwa vizuri kwenye ndoana hufanya kazi nzuri. Kwa nguru, weka kipande cha waya kabla ya ndoana, kwani meno yake hukata mshipi mara moja.

Malindi ina alama ambayo bandari nyingi hazina. Mto Sabaki humwaga maji ya kahawia kaskazini mwa mji, nayo hukutana na maji ya buluu ya bahari kuu kwa mstari unaoonekana waziwazi. Rambaza ukiufuata mstari huo upande wa maji safi. Angalia pia ndege wanaopiga mbizi: chini yao kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna wanaowafukuza.

Samaki hawa ndio waliolipa jina la Malindi ughaibuni. Mwandishi Ernest Hemingway alikuja kuvua hapa mwaka 1934, na mpaka leo wageni hulipia boti kwa ajili ya sulisuli. Wengi wao sasa humpachika alama na kumwachia. Kumbukumbu za alama hizo huhifadhiwa na African Billfish Foundation kule Watamu. Kijana wa pwani anayetaka kipato kutokana na sulisuli na ajifunze kazi ya boti hizo. Sulisuli aliyeachiwa akiwa hai huweza kumlipa nahodha tena msimu ujao.

Mipaka ya kujua kabla hujashuka

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Ndani ya eneo la hifadhi kamili huruhusiwi kuvua hata kwa mshipi mmoja. Nje yake kuna ukanda ambamo njia za asili zinakubaliwa. Kuruwitu, karibu na Vipingo, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao katikati ya miaka ya 2000 wakaiita tengefu. Samaki wakakua, wakaanza kutoka kwenda kwa wavuvi wa nje ya mpaka. Heshimu maboya yao.

Juya la kukokotwa ufukweni na bunduki ya mishale vilipigwa marufuku mwaka 2001. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyekwisha kuona juya likivutwa: linazoa tafi wa juzi, linang'oa nyasi walizolishia, na linaacha ufukwe mtupu kwa majirani wote. Utupa na sumu nyingine yoyote pia ni kosa. Kasa analindwa na sheria. Akinaswa wavuni, mwachie akiwa hai. Maeneo ya Watamu unaweza kuwaita Local Ocean Conservation, ambao huja kumchukua na kumtibu akiwa ameumia.

Kabla ya yote, fika kwa BMU (Beach Management Unit), kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari yako. Ndio wanaoandikisha wavuvi, watakuelekeza kupata leseni, na watakuambia ni wapi pamefungwa mwezi huu. Mgeni anayejitambulisha hufundishwa mengi bure.

Samaki akishatoka majini

Bei ya samaki hupotea kati ya chombo na mnadani. Beba barafu, au angalau gunia lililoloweshwa maji ya bahari la kuwafunika. Nguru na jodari watoe damu na matumbo mara moja. Jodari aliyeachwa juani huweza kumwasha na kumwumiza mlaji hata akipikwa vizuri. Pweza apigwe hadi alainike kabla ya kuingia kwenye nazi.

Kwa anayeanza

Chukua windo moja na ulifuate msimu mzima. Ukiwa huna chombo, anza na pweza siku za bamvua, pamoja na mtu anayeujua mwamba huo. Ukiwa na nafasi ndani ya ngalawa ya ndugu, shika mshipi wa changu siku za maji mafu. Usinunue wavu mwaka wa kwanza. Andika katika daftari tarehe ya mwezi, saa ya maji, upepo, chambo na ulichopata. Kaskazi ikiisha, fungua kurasa hizo uone ni siku zipi ulirudi na kitu. Hapo ndipo uende dukani, kwa kuwa sasa unajua unachonunua ni kwa ajili ya nani.