Tutazame Kabla ya Kufagia

Wengi wetu hufagia banda la kuku bila kutazama kinyesi. Kumbe ugonjwa huanza kuonekana hapo, kabla kuku wa ada ya shule hawajaisha.

Kinyesi cha kuku mzima hushikamana, ni cha kahawia, na juu kina weupe. Weupe huo ndio mkojo wake. Mara nyingine hutoa kinyesi laini chenye harufu kali; hiyo ni kawaida.

Vifaranga wakihara damu, tuwatenge, tuondoe matandiko yenye unyevunyevu, na tumwone bwana mifugo siku hiyohiyo, kwani dawa ipo. Kuku wakihara kijani, wakapinda shingo na kufa kwa mfululizo, tushuku kideri. Hicho hakina dawa. Kinga yake ni chanjo, nayo hutolewa kuku wakiwa bado wazima.

Tusile wala kuuza kuku aliyekufa kwa ugonjwa. Tumzike au tumchome. Tena, hata kuku mzima aweza kutuambukiza kuhara kwa kinyesi chake. Basi tunawe mikono kwa sabuni, na watoto wasilale chumba kimoja na kuku.